Willie Nelson kwa anayeanza: Red Headed Stranger au Stardust?

Mtu anayetaka kumjua Willie Nelson hukwama mlangoni. Mzee huyu aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Abbott, Texas, amekwisha kutoa albamu za studio zaidi ya 70, bila kuhesabu zile zilizorekodiwa jukwaani wala mikusanyo, na ndani ya lundo hilo mna kantri, jazi, bluzi, nyimbo za kanisani, nyimbo za Krismasi na hata rege. Kwa kawaida mashabiki wake humkabidhi mgeni mojawapo ya albamu mbili: Red Headed Stranger ya mwaka 1975 au Stardust ya mwaka 1978. Zote mbili zilitolewa na kampuni ya Columbia, zote hazifiki dakika 40, wapigaji ni karibu wale wale, na gitaa ni lile lile. Hata hivyo kila moja inamtaka msikilizaji wake, na anayekosea kuchagua anaweza kumwacha Nelson kabla hajamsikia. Nasema mapema ninakoegemea: msomaji wa Kiswahili ambaye Kiingereza alikipata darasani ningemshauri aanze na Stardust, ingawa wajuzi wengi wangemwelekeza kwenye ile nyingine.

Kabla ya kuziweka sambamba, ieleweke kwamba Nelson alikulia ndani ya mchanganyiko wa mitindo, hakuutafuta ukubwani. Yeye na dada yake Bobbie, aliyemtangulia kwa miaka miwili, walilelewa na babu na bibi yao, waliosomea muziki kwa masomo ya kutumiwa kwa posta na ambao ndio waliowafundisha wajukuu piano na gitaa. Katika mashamba ya pamba ya Abbott mtoto huyo aliwasikia vibarua Weusi na Wameksiko wakiimba kazini, na alipokuwa na umri wa miaka kama kumi alianza kulipwa kwa kupiga gitaa katika bendi ya polka ya familia moja yenye asili ya Kicheki. Baadaye akampenda Bob Wills, aliyezipigisha fidla za kantri jazi ya kuchezwa dansini, na akampenda zaidi Django Reinhardt, mpiga gitaa wa Kiromani mzaliwa wa Ubelgiji, ambaye kivuli chake kinaonekana katika kila solo anayoipiga Nelson hadi leo.

Tena kantri yenyewe haijapata kuwa kitu kimoja kisichochanganyika. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki huo, alirekodi pamoja na Louis Armstrong mwaka 1930, na sahani zake zikasafiri mpaka Bonde la Ufa, ambako Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis mwaka 1950 wakiimba jina lake kwa matamshi yao, “Chemirocha”. Kwa hiyo msomaji wa Kenya anayeambiwa kwamba kantri ni muziki wa kigeni kwake ana haki ya kutabasamu.

Nelson alifika Nashville, mji wa Tennessee ulio kitovu cha biashara ya kantri, mwaka 1960. Alikuwa amewahi kuuza wimbo mmoja kwa dola 50 na mwingine kwa dola 150, haki zote zikiondoka pamoja na nyimbo hizo, kwa sababu kodi ya nyumba haikungoja. Mwaka uliofuata Faron Young aliimba “Hello Walls” na Patsy Cline akaimba “Crazy”, na nyimbo zote mbili zikapendwa mno vinywani mwa wengine, huku sahani za mtunzi mwenyewe zikibaki madukani. Sababu ilikuwa ni namna yake ya kuimba. Sauti yake ni nyembamba, inapitia puani kidogo, na haina haraka: mapigo hupita, neno linafuata nyuma yake, kisha maneno matatu yanamiminika kwa mkupuo ili kuyafikia mapigo yaliyokwisha kutangulia. Husimuliwa kwamba Patsy Cline mwenyewe alipata taabu na rekodi ya majaribio ya “Crazy” mpaka alipoacha kumfuata Nelson na kuimba kwa mwendo wake. Watayarishaji wa Nashville walijaribu kuuficha uchelewaji huo kwa vinanda vya nyuzi na kundi la waitikiaji, wala haukufichika.

Huo ndio ufunguo wa albamu hizi mbili, kwa hiyo ndio kipimo nitakachokitumia. Katika kila moja Nelson aliondoa mapambo ili uchelewaji wake usikike. Tofauti ni kitu alichokiweka mahali pa mapambo hayo. Katika Red Headed Stranger aliweka hadithi. Katika Stardust aliweka tuni ambazo karibu kila Mmarekani mtu mzima alikuwa anazijua kwa moyo.

Red Headed Stranger: utenzi wa mhubiri

Nyumba yake ya Ridgetop, karibu na Nashville, ilipoungua, Nelson kwa simulizi yake mwenyewe alikimbilia ndani kuokoa vitu viwili: gitaa lake na mfuko wa bangi. Kisha akarudi Texas, na huko Austin mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawakuta vijana wenye nywele ndefu na wachunga ng’ombe wenye kofia pana wakisimama ukumbi mmoja kumsikiliza. Columbia walipomsajili, mkataba ulimpa uamuzi wa mwisho juu ya kila kitakachorekodiwa. Albamu ya kwanza chini ya mkataba huo ilirekodiwa mapema mwaka 1975 katika studio ndogo ya Autumn Sound, Garland, nje kidogo ya Dallas, na bendi yake mwenyewe: Bobbie kwenye piano, Mickey Raphael kwenye kinanda cha mdomo, Paul English kwenye drams, Bee Spears kwenye besi. Studio haikuwa na mpiga ala hata mmoja wa kukodiwa kutoka Nashville.

Albamu inasimulia habari za mhubiri anayeachwa na mkewe, anayemfuata yeye na mpenzi wake na kuwaua wote wawili, kisha anatangatanga juu ya farasi mpaka, mwishoni, anapata kitu kinachofanana na amani. Wimbo uliobeba jina la albamu haukuwa wa Nelson. Aliupiga redioni kwa ajili ya watoto alipokuwa mtangazaji Fort Worth katika miaka ya 1950, na baadaye akawaimbia watoto wake wakati wa kulala. Mkewe Connie ndiye aliyempa wazo la kuujenga uwe hadithi kamili, wakati wakirudi Texas kwa gari kutoka Colorado. Njia aliyoitumia inavutia: alitunga vipande vichache vya kuunganishia, kisha akaziazima nyimbo za zamani za watu wengine, wimbo mmoja wa kanisani na hata “O’er the Waves”, ambayo ni tuni ya Juventino Rosas wa Meksiko, na kuzipanga mpaka kila moja ionekane kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya mhubiri yule. “Blue Eyes Crying in the Rain”, ulioandikwa na Fred Rose zamani, ukawa wimbo wa kwanza kumfikisha Nelson nambari moja kama mwimbaji, akiwa na umri wa miaka 42.

Msomaji aliyekulia kwenye tenzi ataielewa tabia ya kazi hii haraka kuliko aliyezoea nyimbo za redio. Humu mna utangulizi unaorudi mara kadhaa kama kibwagizo, “Time of the Preacher”, na kila unaporudi hali ya mhubiri imebadilika. Mna vipande vya dakika moja ambavyo kazi yake ni kumvusha msikilizaji kutoka tukio moja hadi jingine. Na mna ukimya mwingi. Wakuu wa Columbia walipoisikia walidhani ni rekodi ya majaribio inayongojea kukamilishwa. Kuna sehemu ambapo gitaa na sauti vipo peke yao kabisa, piano ya Bobbie inaingia kwa noti chache kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha inatoka. Mkataba ukawafunga mikono, albamu ikatoka ilivyo, na hatimaye iliuza nakala zaidi ya milioni mbili nchini Marekani.

Lakini nguvu hiyo ndiyo inayoifanya iwe mlango mgumu. Kwanza, asiyefuata maneno atabaki na dakika 33 za muziki mwepesi mno, usio na kilele cha kumshika mkono. Kiingereza chenyewe si cha darasani. Ni cha mashambani, kilichofupishwa, na matukio makubwa husemwa kwa mstari mmoja. Mauaji ya mke na mpenzi wake yanapita kwa beti chache, na anayefikiria jambo jingine kwa sekunde 30 atashangaa baadaye kwa nini mhubiri anakimbia. Pili, kuna jambo la maadili ambalo mashabiki hulipitia haraka: katika wimbo uliobeba jina la albamu, mwanamke mwingine anapigwa risasi kwa kumgusa farasi wa marehemu mke, na mwimbaji anaongeza kwa utulivu kwamba sheria haiwezi kumnyonga mtu kwa kumuua mwizi wa farasi. Nelson anamchora mtu aliyepotea, hamsifu, na utulivu wa sauti yake ndio unaotisha. Hata hivyo msikilizaji anayetaka kumpenda mhusika mkuu wa hadithi ajue mapema kwamba hatafanikiwa mpaka mwisho, na pengine hata hapo hatafanikiwa.

Stardust: nyimbo za zamani chini ya Kilimia

Miaka mitatu baadaye Nelson alikuwa nyota, na kampuni ilitarajia kantri zaidi ya kihuni ya Texas. Yeye akaja na orodha ya nyimbo kumi za zamani ambazo karibu zote zilitoka enzi ya vyumba vya dansi na tamthilia za muziki, kutoka kwa watunzi kama Hoagy Carmichael, Irving Berlin, Duke Ellington, George Gershwin na Kurt Weill. Hakuna hata mmoja alioutunga mwenyewe. Wakubwa wakahofu kwamba vijana hawatanunua nyimbo za wazazi wao. Yeye akajibu kwamba vijana watazidhani mpya, na wazee wamekwisha kuzipenda. Jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko alivyoweza kujua: “Georgia on My Mind” na “Blue Skies” zilifika nambari moja, wa kwanza ukampatia tuzo ya Grammy, na albamu ikakaa kwenye orodha ya albamu za kantri zinazouzwa zaidi Marekani kwa takriban miaka kumi.

Mtayarishaji alikuwa Booker T. Jones, mpiga ogani aliyejenga pamoja na wenzake sauti ya studio ya Stax huko Memphis, na ambaye kwa bahati tu alikuwa jirani ya Nelson huko Malibu, California. Nelson alimwomba ampangie ala za wimbo mmoja, na matokeo yakampendeza hata akampa albamu nzima. Hapa ndipo mchanganyiko unapofikia ukamilifu wake. Tuni ni za jazi, ogani inatoka kwenye muziki wa soul, kinanda cha mdomo cha Raphael kinatoka kwenye bluzi, na sauti inayoyaunganisha yote ni ya mwanakijiji wa Texas ambaye hajaribu hata kidogo kuficha lafudhi yake. Vinanda vya nyuzi vimo, lakini vimekaa mbali, kama taa ya jirani. Ukisikiliza kwa makini hutaweza kuonyesha mahali ambapo kantri inaishia na jazi inaanza, kwa sababu mshono wenyewe haupo.

Kwa anayeanza, faida kubwa ya Stardust ni kwamba uchelewaji wa Nelson unaonekana waziwazi. Tuni ya “Georgia on My Mind” wengi wetu tumekwisha kuisikia mahali fulani, hasa kwa sauti ya Ray Charles aliyeirekodi mwaka 1960, kwa hiyo sikio linajua neno litakapotua. Nelson analiacha sikio lingoje, kisha analitua pembeni kidogo, na katika pengo hilo dogo ndimo ulimo ufundi wote. Aliyezoea taarabu ya zamani, ambamo mwimbaji huuvuta mstari huku ala zikimngoja, au muziki wa dansi ambamo gitaa la solo hujibizana na mwimbaji, hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Wala maneno si kikwazo: ni maneno machache ya mapenzi, kumbukumbu na mwezi, na anayekosa nusu yake hajapoteza kitu kikubwa.

Jalada la albamu hiyo ni mchoro wa Susanna Clark unaoonyesha kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, lile ambalo wakulima wetu walilitazama ili wajue majira. Sijui kama kuna msikilizaji wa pwani aliyewahi kulitazama jalada hilo bila kukumbuka usemi wa Kilimia kuzama kwa jua na kuzuka kwa mvua, lakini mimi kila nikilitoa kwenye rafu hunijia.

Udhaifu wake? Upo. Albamu nzima inakwenda kwa mwendo wa aina moja, polepole na kwa upole, na anayeisikiliza akiwa amechoka anaweza kulala kabla ya “Someone to Watch Over Me” inayoifunga. “Unchained Melody” kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa wimbo wenyewe unadai sauti ya kupanda juu na kupasuka, nayo Nelson hana wala hataki kuwa nayo. Zaidi ya hayo, anayemtafuta Nelson mtunzi hatampata humu kabisa.

Mazingira ya kusikilizia

Jambo moja la kawaida linaweza kuamua uchaguzi kuliko nadharia yoyote, nalo ni namna utakavyosikiliza. Red Headed Stranger isisikilizwe kwa simu iliyowekwa kuchanganya nyimbo ovyo. Ukifanya hivyo mhubiri atatubu kabla hajaua, na vile vipande vifupi vya kuunganisha vitabaki vinaelea bila maana. Isisikilizwe pia kwenye daladala au jikoni penye feni na sufuria, kwa sababu sehemu zake nzuri kuliko zote ni zile ambazo karibu hakuna kinachopigwa. Inataka chumba, usiku, na mtu mmoja au wawili walionyamaza. Stardust inavumilia mengi zaidi: inaweza kuanza katikati, inaweza kukatizwa na mgeni aliyepiga hodi, na inaweza kupigwa sebuleni mbele ya wazee bila mtu kukunja uso. Matoleo mapya ya albamu hizi huja na nyimbo za ziada mwishoni. Msikilizaji wa mara ya kwanza aziache, hasa kwenye Red Headed Stranger, ambayo inaishia pale hadithi inapoishia.

Gitaa ni jambo jingine linalostahili kusikilizwa katika zote mbili, kwa sababu ni lile lile na bado linafanya kazi mbili tofauti. Ni Martin N-20 lenye nyuzi za nailoni, aina iliyokusudiwa kuchezwa kwa vidole katika muziki wa Kihispania na wa kitaaluma, ambalo Nelson alilinunua mwaka 1969 bila kuliona baada ya mlevi kulikanyaga gitaa lake la awali, na ambalo fundi wa Nashville alilifungia kinasa sauti kilichotoka kwenye lile lililovunjika. Analiita Trigger, jina la farasi wa mcheza sinema Roy Rogers. Kwa kuwa yeye hulipiga kwa kipande kigumu cha kukwarulia badala ya vidole, na gitaa la aina hiyo halina bamba la kulikinga, ubao wa mbele umelika mpaka kukatokea tundu la pili kando ya lile la kawaida. Katika hadithi ya mhubiri Trigger ni nyayo za farasi, kavu, zenye kuhesabika. Katika Stardust limekuwa gitaa la Django: noti zinakimbia, zinachelewa, zinaruka juu ya mapigo na kuyangoja upande wa pili, sawasawa na sauti ya mwenye gitaa.

Asiyetaka yoyote kati ya hizi mbili

Wapo watakaosema kwamba wanamtaka Nelson mtunzi, aliyeandika “Crazy”, na kwamba albamu hizi mbili zinamficha. Malalamiko yao ni ya haki. Kwao dawa ni Phases and Stages ya mwaka 1974, iliyorekodiwa Muscle Shoals, Alabama, chini ya mtayarishaji Jerry Wexler. Inasimulia talaka moja mara mbili, upande wa kwanza wa sahani kwa macho ya mke na wa pili kwa macho ya mume, na inasikitisha kwamba watu wachache huanza nayo, kwa kuwa ule upande wa mke una huruma ambayo hadithi ya mhubiri haina. Anayependa ngoma atafute Teatro ya mwaka 1998, ambamo Daniel Lanois aliwaweka wapiga drams wawili ndani ya jumba la sinema lililofungwa huko Oxnard, California, Emmylou Harris akiitikia, na nyimbo nyingi zikiwa zile ambazo Nelson aliziandika akiwa kijana. Ile ya rege, Countryman ya mwaka 2005, naiacha: mapigo ya rege yanamwekea Nelson uzio, na mtu ambaye kazi yake ni kuchelewa hapewi uzio. Kazi yake ya jukwaani na mpiga tarumbeta Wynton Marsalis, iliyotolewa mwaka 2008, ni nzuri, lakini inafaa baada ya Stardust.

Kwa aliyeanza nilivyoshauri, ningesema aishi na Stardust kwa wiki kadhaa mpaka sikio lake lizoee kungoja, ndipo atafute usiku mmoja usio na kelele, asome kwanza maneno ya Red Headed Stranger kama anavyosomwa utenzi, kisha aiweke kuanzia wimbo wa kwanza. Atakapofika “Blue Eyes Crying in the Rain” atakuwa amekwisha kujua ni kwa nini mwimbaji hana haraka ya kulifikia neno “rain”.